Mwalimu wa Kwaya wa Mbinguni

Jumapili tuliyoambiwa kwamba Shetani alikuwa mwalimu wa kwaya, mimi nilikuwa nimeketi upande wa sauti ya pili, na niliona kwa macho yangu kanisa zima likigeuza shingo kumtazama Dama. Mchungaji Sanga hakuwa ametaja jina la mtu. Alikuwa tu ametoka kwenye semina ya wachungaji huko Diani, katika ukumbi wa hoteli, akaturudia hapa kwetu Taru na koti jipya na habari za Lusifa zilizomjaa mpaka kooni.

"Kabla hajawa Shetani," alisema, "alikuwa malaika mzuri kuliko wote. Aliumbwa mwema. Mungu hakuumba kitu kibaya, hilo mlishike. Na kazi yake ilikuwa nini? Kuongoza kwaya! Ndiye aliyekuwa akiwaimbisha malaika. Matari na filimbi vilikuwa ndani ya mwili wake, wapendwa, ndani! Akifungua kinywa, muziki unatoka wenyewe. Basi siku moja akajisikiliza. Akasema, 'Kumbe mimi!' Hapo ndipo kiburi kilipozaliwa. Hakuletewa na mtu. Alijitungia mwenyewe, kama mtu anavyotunga wimbo."

Mahubiri yalikuwa matamu, siwezi kukataa, na amina niliitikia kama wenzangu. Balaa ililetwa na Mzee Tembo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Alinyoosha mkono mahubiri yakiendelea, jambo ambalo kwetu halifanywi, akauliza hizo filimbi zilikuwa ndani upande gani. Mchungaji alifikiri kidogo, kisha akajigusa koo.

Ndipo shingo zikageuka.

Dama alikuwa akiifundisha kwaya yetu tangu kanisa likiwa la udongo. Sauti yake nisijaribu kuieleza. Mimi huuza maji na mahindi ya kuchoma kando ya barabara kuu, na niliwahi kuona madereva wa malori yanayopanda Nairobi wakizima injini jioni ya mazoezi, wakakaa tu vitini mwao, mahindi yanapoa mkononi. Wengine walikuwa Waislamu, wengine hawana dini hata ya kusingizia. Wimbo ukiisha waliwasha injini na kuondoka bila kuaga.

Nyumba yake iko nyuma ya kanisa, na ndani yake alikuwa amelala mama yake, Bibi Mbodze. Mwili wa bibi ulikuwa umekwisha, lakini masikio yalikuwa mazima. Aliokoka uzeeni, na hakuficha kwamba si mahubiri yaliyomwokoa. Alisema alichoka kumsikiliza mwanawe kupitia dirisha tu, akaamua kuingia kanisani. Na alikuwa amechagua wimbo wa kuzikiwa, wimbo ambao Dama aliutunga mwenyewe kwa Kiduruma, wenye beti nyingi na noti moja ya juu ambayo sisi wengine tunaitazama tu.

"Utaniimbia wewe mwenyewe," alimwambia Dama, nami nikiwa pale ninamchemshia uji. "Beti zote, usinikatie. Nataka nishuke shimoni nikiusikia."

"Nitaimba, mayo," Dama akamjibu, kwa jina lile sisi Waduruma tunalowaitia mama zetu. "Nakuahidi."

Kwa hiyo ujue kwamba wakati wazee wa kanisa wanakutana kumjadili Shetani, ahadi hiyo ilikuwa imeshatolewa.

Mimi nilikuwa mkutanoni kama mwakilishi wa akina mama, maana yake nilikuwa pale kuleta chai. Mzee Tembo alifungua kwa kutukumbusha kwamba joka lilipoanguka liliburuta theluthi ya nyota kwa mkia wake. Kisha akatuhesabu washirika wote, ukiacha watoto, akahesabu na kwaya. Kwaya ilikuwa theluthi. Alirudia hesabu akianzia upande wa wanawake, ikaja ile ile. Wazee wakaweka vikombe chini.

"Hiyo ni bahati tu, mzee," nikasema.

"Mkia nao ulionekana bahati," akanijibu. Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani, lakini wenzake walitikisa vichwa kama watu walioelewa.

Dama akaitwa. Aliingia na unga mikononi, ameacha ugali jikoni.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, binti. Tunakupenda sana," akasema Mzee Tembo. "Fungua kinywa."

Nawaambia ukweli mtupu: Mzee Tembo aliwasha tochi ya simu, akammulika Dama kooni, na wazee wengine wakapanga foleni nyuma yake. Mchungaji Sanga alitazama dari muda wote huo, na dari yetu ni mabati matupu.

"Kuna kitu kinaning'inia," Mzee Tembo akatangaza. "Kinatikisika."

"Ni kimio hicho, mzee," nikasema. "Kila mtu anacho."

"Mimi sina," akasema. "Mimi changu kilikatwa nikiwa mtoto."

Hilo lilikuwa kweli. Zamani kwetu mtoto akikohoa sana alipelekwa kwa mkata vimio, akarudi bila kimio na bila kikohozi, au bila kimio na kikohozi chake kile kile. Mzee Tembo alipelekwa mpaka Samburu, hii yetu ya Kwale, mgongoni kwa shangazi yake. Tangu hapo hakupata kuimba vizuri hata kwa bahati mbaya. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa bati unaoburutwa juu ya kokoto. Sote tulijua na tulimsamehe, maana alikuwa akiimba chini chini.

Ikaamuliwa kwamba cheo cha mwalimu wa kwaya ni cheo cha hatari, chanzo cha uovu wote ulimwenguni, na kwamba Dama apumzishwe kwa usalama wake mwenyewe. Asiimbe kanisani, asiimbe mazoezini, wala asiimbe jikoni kwake, kwa kuwa jikoni kwake kunasikika madhabahuni. Nafasi yake ikapewa mtu pekee ambaye filimbi haikuwa na pa kukaa kooni mwake. Mzee Tembo alikataa mara moja, kwa adabu, kisha akakubali kabla hawajamwomba tena.

Niliudhika mpaka nikamwaga chai.

Basi tukaanza kuimba chini ya Mzee Tembo. Mwanzoni aliturekebisha kwa upole. Ukishika noti vizuri, anakugonga bega na kijiti. "Unajisikiliza wewe," anakuambia. Wenye sauti nzuri walijifunza kukohoa katikati ya ubeti. Wapiga kayamba wakaanza kupishana na wimbo makusudi, huyu anatangulia, yule anachelewa, na aliyepatana na mwenzake aliomba radhi. Wanaume wawili wa sauti ya nne walikwenda Samburu kuulizia kama kuna mkata vimio aliye hai, na Mchungaji Sanga ilibidi awafuate kwa bodaboda kuwarudisha.

Lakini binadamu ni binadamu. Haikuchukua muda kuimba vibaya kukawa kipaji. Watu walifanya mazoezi nyumbani. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alivumbua mlio fulani wa puani uliowatoa mbuzi zizini, akapongezwa mbele ya watu wote, na jirani yake akanuna wiki nzima kwa wivu. Mzee Tembo aliyaona hayo akaona atapitwa. Akaanza kuimba peke yake, wimbo mzima, macho amefumba, mkono mmoja hewani. Jumapili moja alisimama mimbarini akasema kwa sauti iliyotetemeka: "Wapendwa, namshukuru Mungu. Katika kaunti hii yote ya Kwale, hakuna anayeimba vibaya kama mimi."

Tukapiga makofi. Ndiyo, hata mimi. Ungefanyaje?

Mwishowe akataka vipaza sauti, ili walioko mji wa Mackinnon Road nao wabarikiwe. Akamwita Suleiman, muuza mbuzi, ambaye pia hukodisha spika kwa harusi, maulidi na matanga. Suleiman alikuja na nyaya zake begani, akasikiliza mazoezi akiwa mlangoni, kisha akaja kuketi kwangu kwenye mahindi, hapo mbele ya kanisa, maana siku hiyo nilikuwa nimekwepa mazoezi.

"Shemeji Umazi," akaniuliza taratibu, "kuna mgonjwa huko ndani?"

Nikamweleza habari yote, Lusifa na kwaya na filimbi. Alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mwenye staha.

"Kwetu sisi," akasema, "Iblisi ni jini. Aliumbwa kwa moto. Aliamrishwa amsujudie Adamu akatakabari, akasema mimi ni bora kuliko yeye. Habari za kwaya, wallahi, sijazisikia."

Mzee Tembo alikuwa ametoka nje kupumzisha koo, akayadaka maneno hayo. "Ndiyo maana nyinyi hamna kwaya," akamwambia kwa heshima kubwa. "Wazee wenu walijikinga."

"Kaswida tunazo, mzee."

Mzee Tembo alimtazama Suleiman kwa huruma ya kweli, akampapasa bega, akarudi ndani.

Nilikwenda kwa Mchungaji Sanga. Nilimkuta nyuma ya nyumba akifua lile koti la semina, nikamwambia bila kuzunguka kwamba mzee wake ana kiburi kuliko Dama, kuliko kwaya nzima, na pengine kuliko huyo Lusifa mwenyewe.

"Najua, mama," akasema. "Naona."

"Basi mwondoe."

"Nitamwambiaje? Nimwambie anajivunia unyenyekevu? Atanishukuru, kisha atajivunia kwamba ameonywa." Alikamua koti kwa nguvu kama ndilo lililomkosea. "Mimi nilitaka tu mahubiri yawe matamu. Kule Diani wote walicheka, wakaandika, wakaenda kula. Sikujua watu wangu watayafanyia kazi."

Nilimwonea huruma kidogo, lakini si sana.

Dama mwenyewe alikuwa amenyamaza kabisa. Alipika bila kuimba, alifua bila kuimba. Mchana mmoja nilikuwa kwao, na Bibi Mbodze akauliza kutoka kitandani kwa nini kwaya imekufa na nani anachinjwa kila Alhamisi.

"Ni mazoezi, mayo," Dama akasema. "Mimi nimepumzishwa. Wanasema Shetani alikuwa mwalimu wa kwaya. Wananiogopa."

Bibi ujanani aliwahi kupungwa pepo, tena si mara moja, kwa hiyo aliongea kama mtu mwenye uzoefu. "Mimi nimekaa na pepo wa kila aina," akasema. "Wa bara, wa pwani, hata mmoja alikuwa akitaka sigara. Wote wanaomba ngoma wapigiwe. Hakuna hata mmoja aliyejua kuimba. Wangejua wangekuja kutusumbua kwa nini?" Kisha akauliza, "Na wewe, Dama? Unajiogopa?"

Dama alitoka na ndoo, nami nikamfuata mpaka kwenye tangi la maji.

"Umazi," akaniambia, "na kama ni kweli? Mimi hujisikiliza. Nikifika ile noti ya juu hufurahi. Si kwa ajili ya Mungu, si kwa ajili ya mtu. Nafurahi tu kwamba ni mimi."

"Hata mimi hufurahi," nikamwambia, "na wala si mimi ninayeimba."

Hakucheka. Hapo nilijua kwamba wamemharibia kitu ndani, na nikawachukia wote, na tochi yao.

Bibi Mbodze aliaga dunia wakati wa kiangazi, mchana, akiwa usingizini. Mazishi yalikuwa makubwa. Walikuja ndugu kutoka Kinango na Samburu, Wakristo, Waislamu, na wazee wasio wa huku wala wa kule. Turubai zilifungwa, mbuzi wakachinjwa, Suleiman akapanga spika zake. Wazee wa kanisa walikutana kando ya sufuria za pilau wakaamua kwamba Dama, kwa kuwa ni mfiwa, aruhusiwe wimbo mmoja. Masharti yalikuwa kwamba asimame nyuma ya watu asionekane, na kipaza sauti ashikiwe na Mzee Tembo, apate kukizima iwapo uzuri utazidi.

Dama alikubali yote. Alikuwa akitaka jambo moja tu duniani, kutimiza ahadi, na angekubali hata kuimba akiwa ndani ya gunia.

Vijana wakashika kamba. Jeneza likainuka. Dama akafungua kinywa, na kilichotoka sijui nikiite nini. Ukimya wa miezi ile ulikuwa umemkausha koo, na kilio kilikuwa kimemkaba. Sauti ilipanda ikakatika, ikakwaruza, ikapotea katikati ya ubeti wa kwanza, ikaibuka mahali pasipo pake. Alijaribu tena. Ubeti wa pili hakuufikia. Alisimama pale nyuma ya migongo ya watu, huku mama yake akiteremshwa shimoni bila wimbo, na kilichosikika ni kamba tu zikisugua mbao.

Mzee Tembo akaanza kulia. Alilia kwa furaha.

"Mmesikia?" akapaza sauti kwenye kipaza, na spika zikarusha kilio chake mpaka barabarani. "Mmesikia ubaya huo? Jamani, hata mimi sijafika hapo! Dada yetu amevunjika! Filimbi imetoka! Nami natangaza hapa mbele ya marehemu, mwalimu wetu Dama amerudishiwa cheo chake leo hii, haleluya!"

Watu wakapiga makofi. Kaburi bado liko wazi, mchanga hata bado haujaguswa, na watu wanapiga makofi, na yule mama wa mlio wa puani anapiga vigelegele. Mimi nilitaka kumrukia mtu. Sikujua nimrukie nani, walikuwa wengi mno.

Dama alijifuta uso kwa leso yake. Akapita katikati ya watu mpaka mbele ya mzee, nao wakamfungulia njia kama bibi harusi.

"Mzee Tembo, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu!"

"Mama yangu aliniomba wimbo, na leo nimeshindwa kumwimbia. Hicho mnachokipigia makofi ndicho kushindwa kwangu." Hakupandisha sauti, lakini kipaza kilikuwa bado kinawaka na kila mtu alisikia. "Cheo bakini nacho."

Mzee Tembo akakizima kipaza, lakini alikuwa amechelewa.

Kaburi likafukiwa. Watu wakaenda kula, maana pilau haisubiri huzuni ya mtu. Dama alikwenda jikoni akanywa maji ya moto, kikombe baada ya kikombe, kisha akatoka na kunishika mkono. Tulirudi kaburini sisi wawili, na wanawake wachache wa sauti ya pili wakatufuata bila kuitwa. Suleiman alikuwa pale akikunja nyaya zake.

"Umazi, nishikie sauti ya pili," Dama akasema.

"Na kama yale waliyoyasema ni kweli?" Sijui kwa nini nilimwuliza. Nadhani nilitaka asikie swali lake mwenyewe likitoka kinywani kwa mtu mwingine.

"Kama ni kweli nitaambiwa huko mbele. Mama yuko hapa sasa."

Akaanza chini kabisa. Ubeti wa kwanza ulikuwa bado na mikwaruzo. Wa pili ukakaa sawa. Kufikia wa tatu nilikuwa nimeshasahau kwamba nina miguu. Suleiman alisimama na waya mkononi, hakumaliza kuukunja. Kule chini ya turubai vijiko viliacha kugonga sahani, na barabarani lori moja lilizima injini. Dama hakukata hata ubeti mmoja. Alipofika ile noti ya juu nilimtazama usoni makusudi, na nikaona: alijisikiliza, akafurahi. Alifurahi kwamba ni yeye, waziwazi, juu ya kaburi la mama yake, na hakujificha.

Wimbo ulipokwisha lori likawasha injini na kuondoka. Nikaiwaza ile siku ya mbinguni, mwalimu amefukuzwa, theluthi ya waimbaji wamemfuata, milango imefungwa, na huko juu pamebaki bila wimbo, kama sisi tulivyokaa miezi yote ile bila sauti ya Dama. Shetani sijawahi kumhurumia, na siku hiyo pia sikumhurumia. Nilimhurumia Mungu.